Ahadi ni Deni: Mgao wa Kumbukumbu katika Seva Pepe kwa Mfano wa Ploti za Eastlands

Ikisiri

Makala haya yanakusudia kufafanua namna kumbukumbu ya tarakilishi inavyogawanywa katika seva pepe, yaani seva inayokodishwa kwa mteja mmoja ilhali kimwili ni sehemu tu ya mtambo mkubwa zaidi. Mfano unaotumiwa ni wa ploti za kupangisha katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na hasa mgao wa maji katika ploti hizo. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu iliyoahidiwa si lazima iwe kumbukumbu iliyopo, na kwamba anayekodi seva bila kupiga hesabu ya ahadi anazotoa yeye mwenyewe hujiletea hasara ambayo hupenda kumlimbikizia mwingine.

1. Utangulizi

Chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilikodi seva pepe kwa madhumuni mawili: kuhifadhi makala za makongamano yaliyopita, na kupokea ikisiri za wanafunzi waliotaka kuwasilisha kazi zao katika kongamano lililofuata. Watatu kati yetu tulikabidhiwa jukumu la kuitunza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanasayansi wa tarakilishi. Sote tulikuwa watu wa fasihi na isimu, na sote tulikuwa wakazi wa Eastlands: mmoja Kayole, mwingine Buruburu, nami Umoja.

Katika juma la mwisho la kupokea ikisiri, tovuti ilianza kuzimika kila jioni kati ya saa mbili na saa nne usiku. Tuliiwasha upya, ikafanya kazi, kisha ikazimika tena. Jambo la kusikitisha zaidi tulilitambua baadaye. Fomu tuliyoiandika wenyewe ilikuwa ikimwonyesha mwanafunzi maneno ya shukrani hata pale hifadhidata ilipokuwa imezimika. Kwa hiyo wapo wenzetu waliolala wakiamini kwamba kazi zao zimepokelewa, kumbe hazikuandikwa popote. Tulikasirika, tukamwandikia mwenye kampuni iliyotukodishia seva barua ndefu ya malalamiko. Tulidai kwamba tulilipia kumbukumbu ya gigabaiti 1 na kwamba, kwa hakika, hatukuwa tunapewa.

Msomaji ataona mbeleni kama madai hayo yalikuwa ya haki. Kabla ya kufika huko, yafaa tuelewe kumbukumbu ni nini, hugawanywa na nani, na huisha vipi.

2. Istilahi chache

Neno "kumbukumbu" katika taaluma ya tarakilishi huwatatiza wengi kwa kuwa hutumiwa kwa vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza ni diski, mahali faili zinapolala hata umeme ukikatika. Hiyo tutaiita hifadhi. Cha pili ni ile sehemu yenye kasi ambamo programu hufanyia kazi data wakati huo huo inapoendeshwa, na ambayo hufutika mtambo unapozimwa. Hiyo ndiyo RAM, na ndiyo tutakayoiita kumbukumbu katika makala haya. Mtu anaweza kuwa na hifadhi tele na bado tovuti yake ikaanguka kwa kukosa kumbukumbu, kama vile nyumba inavyoweza kuwa na vyumba vikubwa na mfereji mkavu.

Neno "pepe" lilizoeleka kwetu kupitia barua pepe. Tunalitumia hapa kwa kitu ambacho kwa mtumiaji kina sifa zote za kitu kamili ingawa hakina mwili wake pekee. Kuhusu istilahi kwa jumla, ikumbukwe kwamba kazi ya kuifunza tarakilishi Kiswahili ina historia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, istilahi za seva hazikupata bahati ya kuingia madirishani na kwenye menyu, na ndiyo maana bado tunazisaka.

3. Ploti moja, wapangaji wengi

Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa makazi wa Dandora. Ploti zipatazo 6,000 zilipimwa, zikawekewa maji na mifereji ya majitaka, kisha wenye ploti wakatarajiwa kujijengea vyumba kidogo kidogo. Wazo la kupangisha baadhi ya vyumba ili kulipa mkopo halikuwa la siri. Lilikuwa sehemu ya hesabu. Miaka ilivyosonga, katika Dandora, Kayole, Umoja na kwingineko, vyumba vya chini vilizaa ghorofa, na ploti iliyopimiwa familia chache ikawa makazi ya familia nyingi. Kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na stakabadhi yake ya kodi. Akiwa ndani, nyumba ni yake. Lakini bomba linaloingia kutoka barabarani ni moja, na tangi lililo juu ya paa ni moja.

Seva pepe imejengwa kwa mantiki hiyo hiyo. Mtambo mmoja wenye, tuseme, kumbukumbu ya GB 64 hugawanywa ili uonekane kuwa mitambo mingi midogo. Kinachougawanya ni programu maalumu ya usimamizi iitwayo haipavaiza, ambayo ndiyo keateka wa ploti: hujua nani anaishi wapi, humfungulia mpangaji mpya, na huhakikisha kwamba wa chumba cha tatu hachunguzi mambo ya wa chumba cha nne. Kila mpangaji huweka mfumo wake wa uendeshaji na huamini kwamba mtambo wote ni wake.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, wakati tarakilishi moja ilijaza chumba kizima na ilibidi watu wengi waitumie kwa pamoja. Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa haipavaiza ya Xen, na mwaka 2007 ile ya KVM ikaingizwa katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Programu hizo zilitolewa bila malipo, na hivyo kukodisha vipande vya seva kukawa biashara ambayo hata kampuni ndogo iliweza kuifanya. Hapa Kenya, kuwasili kwa nyaya za SEACOM na TEAMS kupitia bahari mwaka 2009 kulitutoa katika utegemezi wa setilaiti. Tangu hapo, mwanafunzi wa Umoja aliweza kuitunza seva iliyo mbali kwa kasi ya kuridhisha.

4. Tangi la juu ya paa: ahadi ya mwenye mtambo

Tuchukue ploti yenye vyumba 24 na tangi la lita 5,000. Mwenye nyumba anapompangisha kila mtu humwambia, "Maji yapo, tumia hadi lita 300 kwa siku." Ukizidisha utapata lita 7,200. Ahadi imepita tangi kwa lita 2,200. Je, mwenye nyumba ni mwongo? Kwa siku nyingi, la. Wapangaji wengine hurudi usiku na hutumia mitungi miwili tu, wengine wamesafiri mashambani, na wengine hufulia Jumamosi pekee. Tangi hutosha kwa sababu hawachoti wote kwa wakati mmoja. Siku wote wakiamua kufua, ndipo ukweli hudhihirika.

Jiji lenyewe limewahi kupitia somo hili. Bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 70, nalo ndilo tegemeo kubwa la maji ya Nairobi. Ukame uliposhusha kiwango chake, mwaka 2017 ulianza kwa ratiba ya mgao: mtaa fulani siku hizi, mtaa mwingine siku zile. Mabomba hayakuwa yamepungua, wala idadi ya mita. Kilichopungua ni kile ambacho mabomba yote yalikuwa yakikitegemea.

Mwenye mtambo wa seva naye anaweza kuahidi kupita kiasi. Mtambo wake una GB 64, lakini amekodisha seva 80 za GB 1 kila moja. Zipo mbinu kadhaa zinazomwezesha kufanya hivyo, na ni vyema kuzitofautisha kwa kuwa athari zake kwa mpangaji si sawa.

Mbinu ya kwanza ni kumpa mpangaji kumbukumbu anapoigusa tu. Katika KVM, kila seva pepe ni mchakato wa kawaida mbele ya mtambo mkuu. Seva ya GB 1 ikitumia MB 300 pekee, basi, isipokuwa mwenye mtambo ameamua kumtengea yote tangu mwanzo, MB zilizosalia hubaki mikononi mwake na anaweza kumpa mwingine.

Mbinu ya pili huitwa puto, na ilielezwa kwa kina na Carl Waldspurger mwaka 2002 kuhusu mitambo ya VMware. Ndani ya seva ya mpangaji huwekwa programu ndogo ambayo, haipavaiza inapohitaji kumbukumbu, hufura kama puto na kuijaza sehemu ya chumba. Mpangaji hulazimika kubana vitu vyake, na nafasi ambayo puto limeishika hurudishwa kwa mwenye mtambo. Kodi ni ile ile, chumba kimepungua.

Mbinu ya tatu ni kuunganisha kurasa zinazofanana. Kumbukumbu hugawanywa katika vipande viitwavyo kurasa, ambavyo katika tarakilishi nyingi huwa vya baiti 4,096. Iwapo seva kumi zinaendesha mfumo ule ule, kurasa nyingi huwa nakala za kitu kimoja. Linux iliongezewa uwezo huu mwaka 2009 kupitia toleo la 2.6.32: hutafuta nakala, hubakiza moja, na humtengea mtu yake pekee pale anapoandika juu yake.

Mbinu ya nne ni ya kontena, kama zile za OpenVZ, ambamo wapangaji wote hutumia kerneli moja na kila mmoja huwekewa kikomo tu. Hii si ploti ya vyumba vyenye kuta. Ni ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mapazia. Ndiko yalikostawi matangazo ya "GB 1, hadi GB 2". Neno "hadi" ndilo la kusomwa kwa makini. Kabla yake kuna haki. Baada yake kuna bahati.

5. Mtungi mtupu mlangoni: ahadi ndani ya seva

Hadi hapa tumemzungumzia mwenye mtambo, na msomaji huenda ameanza kukubaliana na barua yetu ya malalamiko. Lakini ahadi hazitolewi na yeye peke yake. Ndani ya seva yako, Linux nayo huahidi programu zako zaidi ya kilichopo, na hufanya hivyo kwa makusudi.

Programu inapoomba MB 200, kerneli haiendi kuzitafuta papo hapo. Huandika tu katika daftari lake kwamba programu hiyo imeruhusiwa kutumia kiasi hicho. Ukurasa halisi hutolewa pale programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Ni kama mpangaji anayepanga mitungi kumi mitupu mlangoni: amejitengea nafasi ya lita 200, lakini tangi halijapungua hata tone. Ndiyo sababu orodha ya michakato huonyesha safu mbili zinazotofautiana sana. Safu ya VSZ huhesabu mitungi yote, na safu ya RSS huhesabu maji yaliyomo. Anayetishika kwa sababu VSZ imepita kumbukumbu ya seva yake nzima anahofia mitungi mitupu.

Kosa jingine la kawaida ni kusoma vibaya matokeo ya amri ya free -m. Katika seva yetu ya GB 1, asubuhi moja tulivu, amri hiyo ilitupa tarakimu hizi kwa megabaiti: jumla 981, zilizotumika 402, zilizo huru 61, zilizo katika kache 518, na zinazopatikana 437. Mwenzetu wa Kayole aliiona ile 61 akashika kichwa. "Tumekwisha," alisema. Hatukuwa tumekwisha. Kumbukumbu isiyotumika ni maji yaliyolala, kwa hiyo Linux huitumia kuwekea nakala za faili zilizosomwa karibuni ili zisisomwe tena kutoka diski. Hiyo ndiyo kache. Programu ikihitaji nafasi, sehemu kubwa ya kache huachiliwa mara moja. Safu ya kutazamwa, basi, si ya zilizo huru bali ya zinazopatikana, ambayo kerneli imekuwa ikiikadiria yenyewe tangu mwaka 2014.

Kwa nini basi tulianguka jioni?

6. Siku tangi linapokauka

Ikiwa programu nyingi zitagusa kurasa zilizoahidiwa kwa wakati mmoja, kerneli huanza kuiachilia kache. Isipotosha, huhamishia diskini kurasa zisizotumika sana, katika eneo liitwalo swapu. Swapu ni ile mitungi ya akiba iliyofichwa chini ya kitanda: husaidia, lakini kuichota ni kwa taabu, kwani diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Seva inayotegemea swapu muda wote haifi, ila hukokota. Nayo seva isiyokuwa na swapu kabisa, kama ilivyokuwa yetu, haina hata hicho kitanda.

Hapo kerneli hubakiwa na uamuzi mmoja mgumu. Imeahidi na haina cha kutoa. Huita sehemu yake iitwayo OOM killer, ambayo kazi yake ni kuua mchakato mmoja ili mingine iendelee kuishi. Haimtafuti mwenye kosa. Huipa kila programu alama, kwa kiasi kikubwa kulingana na kumbukumbu inayoishika kwa wakati huo, kisha huiondoa yenye alama za juu zaidi. Kwa maneno mengine, keateka hamwulizi aliyesababisha foleni ni nani. Huyafunga maji ya mwenye pipa kubwa zaidi.

Tulipofungua kumbukumbu za matukio ya seva kwa amri ya dmesg, tuliuona mstari huo ukijirudia kila jioni. Aliyeuawa alikuwa ni yule yule: hifadhidata. Yenyewe ilishika takriban MB 260, kiasi kile kile asubuhi na jioni, bila kuongeza. Ilikuwa mpangaji mtulivu mwenye pipa kubwa. Waliolikausha tangi walikuwa wengine, tena wadogo, kila mmoja na kopo lake.

7. Hesabu tuliyopaswa kuipiga mapema

Seva ya wavuti ya Apache, kwa namna tulivyoiweka, ilimtengea kila mgeni mchakato mmoja. Tulipima tukaona kwamba kila mchakato ulishika takriban MB 40. Kisha tulifungua faili la mipangilio, ambalo hatukuwa tumeligusa tangu siku ya kwanza, tukakuta kwamba idadi ya juu ya michakato iliyoruhusiwa ni 150.

Mara 150 kwa 40 ni MB 6,000. Sisi wenye tangi la MB 981 tulikuwa tumewaahidi wageni karibu GB 6.

Asubuhi wageni walikuwa watatu au wanne, na ahadi hiyo haikumdhuru yeyote. Jioni, baada ya watu kurudi kutoka vyuoni na kazini, na siku ya mwisho ya kupokea ikisiri ikikaribia, waliongezeka. Walipofika ishirini na kitu, tangi lilikauka, hifadhidata ikauawa, na fomu yetu ikaendelea kutoa shukrani.

Hesabu sahihi huanzia upande wa pili, yaani kutoka kwa kilichopo kuelekea kwa kinachoweza kuahidiwa. Kutoka MB 981 tulitoa MB 160 za mfumo wa uendeshaji na huduma ndogo ndogo. Tukatoa MB 260 za hifadhidata. Tukatoa MB 150 za kache, kwa sababu seva iliyonyang'anywa kache yote huanza kusoma kila kitu kutoka diski. Zikasalia MB 411. Ukizigawa kwa 40 unapata 10 na ushei. Tukaandika 10.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, mgeni wa kumi na moja atafukuzwa? Hafukuzwi. Husubiri kwenye foleni mpaka mmoja wa kumi amalize, na kwa kuwa ukurasa wetu hutolewa kwa chini ya nusu sekunde, mara nyingi hata hatambui kwamba alisubiri. Kila mkazi wa Eastlands anajua tofauti iliyopo kati ya foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji na kioski kilichofungwa. Ya kwanza huchosha, ya pili hukata tamaa.

Inafaa kutaja kwamba hesabu ya RSS huzidisha kidogo, kwa sababu michakato ya programu moja hushirikiana baadhi ya kurasa, na kila mmoja huzihesabu kana kwamba ni zake pekee, kama wapangaji wote wanavyosema "ngazi zetu". Kosa hilo liko upande wa usalama, nasi hatukulisahihisha.

Aidha, tulichukua hatua nyingine tatu. Tuliunda faili la swapu la GB 1, si kwa ajili ya matumizi ya kila siku bali kwa dharura. Tuliishushia hifadhidata alama zake kupitia mpangilio wa oom_score_adj, ambao huanzia -1000 hadi 1000, ili ikibidi kuua, mchakato mmoja wa wavuti utangulie. Mgeni mmoja akikosa ukurasa ni afadhali kuliko wote kukosa data. Na tuliirekebisha fomu ili isitamke shukrani mpaka hifadhidata yenyewe ithibitishe kwamba imeandika. Hatua hii ya mwisho haihusu kumbukumbu hata kidogo, ila ndiyo iliyotugusa zaidi.

8. Maswali ya kumwuliza mkodishaji

Kwamba kosa letu lilikuwa letu hakumaanishi kwamba wakodishaji wote hawana lawama. Anayetaka kukodi seva pepe na aulize yafuatayo. Kwanza, je, ni mtambo kamili chini ya KVM au Xen, au ni kontena inayoshiriki kerneli na wengine? Pili, je, kumbukumbu inayotangazwa ni ya uhakika, au ni ya "hadi"? Tatu, je, puto hutumika? Nne, je, ninaruhusiwa kuweka swapu yangu?

Baada ya kupewa majibu, na ayahakikishe mwenyewe. Tazama jumla inayoonyeshwa na amri ya free -m: ikiwa leo ni 981 na kesho ni 700 ilhali hukubadili chochote, huenda puto limefura. Jumla iliyopungua kidogo chini ya kile ulicholipia si wizi, kwani kerneli hujitengea sehemu yake kabla ya kuhesabu.

Sisi tulipofanya ukaguzi huo, jumla ilikuwa 981 kila siku, asubuhi na usiku. Mwenye mtambo alikuwa ametupa alichotuahidi.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgao wa kumbukumbu katika seva pepe una ngazi mbili za ahadi. Katika ngazi ya juu, mwenye mtambo huwaahidi wapangaji zaidi ya tangi lake akitegemea kwamba hawatachota wote kwa pamoja. Katika ngazi ya chini, mfumo wa uendeshaji huziahidi programu zaidi ya chumba kilichopo, nasi tunaozipanga programu hizo huwaahidi wageni bila kutazama. Ahadi kupita kiasi si dhambi kwa yenyewe. Bila hiyo seva zingekuwa ghali na kumbukumbu nyingi zingelala bure. Dhambi ni kuahidi bila kujua kiasi cha tangi.

Tulimwandikia mwenye kampuni barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, tukamwomba radhi. Kwa wanafunzi ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu hatukujua ni akina nani waliopotezewa kazi; hilo ndilo tatizo la data ambayo haikuandikwa. Tulitangaza kuongeza juma moja na kumsihi kila aliyetuma ahakikishe. Wengi walituma tena. Wawili walitujia baada ya kongamano kuuliza kwa nini majina yao hayakuwamo katika ratiba, na mmoja wao alikuwa bado ametunza picha ya ule ukurasa wa shukrani katika simu yake. Hatukuwa na jibu jingine ila kumweleza yote yaliyoandikwa hapa, naye ndiye aliyetushauri tuyaandike kwa Kiswahili ili chama kitakachoipokea seva baada yetu kisianze upya. Deni lake bado tunalo.